Kijani Asubuhi, Nyekundu Mchana

Kengele ya saa sita na nusu ilipolia, wanawake kumi na wawili wa mstari wa tatu walizima taa zao za mezani, wakasimama, wakavua makoti ya kijani na kuyatundika kwenye misumari ya ukuta wa kushoto. Wakavuka chumba. Kwenye ukuta wa kulia yalikuwa yakiwangoja makoti mekundu. Wakayavaa, wakanywa chai yao kwa dakika ishirini, kisha wakarudi kwenye viti vilevile na kushika vyuma vya kulehemu vilevile, ambavyo bado vilikuwa na joto la asubuhi. Asubuhi walikuwa wafanyakazi wa Zumaridi, kompyuta ya kijani. Mchana walikuwa wafanyakazi wa Kinara, kompyuta nyekundu. Ndivyo ilivyokuwa kila siku ya kazi, na kati yao hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kusimuliana.

Jengo lenyewe lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulitazama barabara ya posta na juu yake palikuwa na bango la kijani. Mwingine ulitazama barabara ya hospitali na bango lake lilikuwa jekundu. Mtu aliyetaka kutoka mlango mmoja hadi mwingine ilimlazimu kuzunguka mitaa minne, na alipofika alikuwa keshasahau kwamba ukuta ni mmoja. Madirisha yalipakwa rangi nyeupe mpaka juu. Mkurugenzi naye alikuwa mmoja, mwenye ofisi mbili zilizounganishwa na mlango wa ndani, na tai mbili mfukoni.

Kwenye kiti cha tano alikaa mama mmoja mjane ambaye wenzake walimwita Sindano, kwa sababu ncha ya chuma chake haikuwahi kugusa mahali pasipotakiwa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amelehemu mbao za saketi, zile mbao nyembamba zinazokaa tumboni mwa kompyuta na kuifanya ifikiri. Kila alipomaliza ubao, aliacha kitone kidogo cha lehemu pembeni, chenye umbo la punje ya mchele. Hakikuwa na kazi yoyote. Ilikuwa ni sahihi yake tu, na msimamizi hakuwahi kuiona kwa sababu hakuwahi kuangalia pembeni.

Siku ya kwanza ya kazi Sindano aliwekewa karatasi mbele yake, akatia saini. Karatasi ilisema kwamba hatatamka kwa mdomo wala kueleza kwa maandishi yanayofanyika ndani ya jengo, na akifanya hivyo ataondoka kazini yeye pamoja na mstari wake mzima. Kwenye kiti cha sita alikaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye alikuwa na magoti mabovu na wajukuu wanne. Kwa hiyo Sindano alifunga mdomo, na hata nyumbani alisema tu kwamba anakwenda kiwandani. Haikumpa shida miaka ya mwanzo.

Shida ilianza watoto wake walipopata kazi.

Alikuwa na wawili, wote watu wazima. Wa kwanza ni wa kiume, aliyezaliwa na makunyanzi kwenye paji la uso na sura ya mtu anayewaza kodi, wakamwita Mzee, na jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja na alikuwa akiandika matangazo ya Kinara. Wa pili ni binti, mdogo wa umbo na mkali wa ulimi, kwa hiyo akaitwa Pilipili. Yeye alikuwa akionyesha kompyuta za Zumaridi dukani: anaiunganisha na televisheni, anapakia mchezo kutoka kwenye kanda, anawafundisha wateja wapi pa kubonyeza. Wote wawili walizipenda kazi zao, na wote walizijua vizuri. Mzee aliandika kwamba Zumaridi ni kompyuta ya watu wanaoogopa herufi. Pilipili akawaambia wateja kwamba Kinara ikiwashwa kwa saa moja unaweza kukaanga yai juu yake.

Mjini mambo yalikuwa hivyohivyo, na pengine mabaya zaidi. Kinyozi mmoja alibandika kwenye kioo chake kwamba hanyoi vichwa vya watu wa Kinara. Timu ya mpira ya mtaa iligawanyika ikawa timu mbili za watu sita sita. Mchumba mmoja alirudisha pete baada ya kufungua boksi la zawadi na kukuta rangi asiyoitarajia. Watu walikuwa wamelivalia njuga jambo hili, na kila wiki mabango mapya yalipanda yakiwakumbusha sababu.

Jumapili moja, wakiwa mezani, Mzee alimwambia dada yake kwamba anawauzia watu kopo. Pilipili akamjibu kwamba afadhali kopo kuliko uongo unaoandikwa kwa herufi kubwa. Mzee akaweka kijiko chini. Pilipili akachukua mkoba wake. Tangu siku hiyo hawakuongea tena, na ilikuwa imetimia miaka mitatu. Walikuja kumwona mama yao kwa zamu, Jumapili moja Mzee, inayofuata Pilipili, kama madaktari wanaopokezana wodi. Sindano aliwapakulia kila mmoja chakula chake na kumsikiliza akimsema mwenzake. Angeweza kuumaliza ugomvi ule kwa sentensi moja. Alikuwa nayo kinywani kila Jumapili, akaimeza pamoja na mchuzi.

Maneno yasiyosemwa lazima yapate pa kwenda. Ya Sindano yalishuka mkononi. Akiwa ameinama juu ya ubao aliongea na wanawe kimyakimya kutwa nzima. Aliwauliza kama wamekula, aliwaambia wavae vizuri, aliwagombeza kwa kiburi chao, na maneno hayo yalipita kwenye kiganja, yakaingia kwenye chuma, yakaganda ndani ya lehemu. Hakujua. Kwa kweli halikuwa jambo ambalo mtu angeweza kulijua kwa kuangalia.

Wa kwanza kuyasoma alikuwa mshonaji mmoja mstaafu aliyenunua Kinara ili kuweka orodha ya vipimo vya wateja wake wa zamani. Aliiwasha. Mahali ambapo kitabu cha maelekezo kilisema litatokea neno TAYARI, palitokea UMEKULA? Mshonaji akaandika ndiyo. Kompyuta ikaandika UNANIDANGANYA. Mshonaji akakiri moyoni kwamba ni kweli, akaenda jikoni, akala, akarudi. Kompyuta ikamruhusu kuendelea na vipimo vyake, na ilifanya kazi vizuri kabisa.

Wiki hiyohiyo, mganga wa meno aliyenunua Zumaridi aliambiwa NYOOSHA MGONGO. Wanandoa wawili waliulizwa NANI KAACHA MLANGO WAZI, wakaenda kuangalia, wakaukuta wazi. Mwanafunzi wa sheria aliyekuwa akicheza mchezo wa nyota tangu asubuhi aliambiwa VAA SWETA, USINILETEE KIFUA, na ilikuwa kweli kwamba hali ya hewa ilikuwa imebadilika. Kompyuta nyingine chache, zilizotoka kwenye kiti cha sita, zililalamika kuhusu magoti. Watu walizoea haraka. Waliona ni sawa kompyuta iwe na adabu ya kumjulia mtu hali kabla ya kumfanyia hesabu. Malalamiko pekee yaliyofika kiwandani yalikuwa ya bwana mmoja aliyesema kwamba yake imekataa kufunguka mpaka ampigie simu shangazi yake. Msimamizi wa ubora aliipima kompyuta ile kwa mita, akajaza fomu, na kwenye nafasi ya kasoro akaandika: hakuna.

Zile zilizouliza kama umekula ziliuzika kuliko zile zilizosema TAYARI. Basi kampuni zote mbili zilitangaza kwamba jambo hilo ni lao na kwamba lilibuniwa na wataalamu wao baada ya utafiti wa miaka saba. Mabango mekundu yakasema: KINARA. INAKUULIZA KWANZA. Mabango ya kijani yakasema: ZUMARIDI. WENGINE WANAHESABU, SISI TUNAJALI. Wiki iliyofuata mabango mekundu yalisema kwamba Zumaridi ni mwizi wa upendo. Ya kijani yakajibu kwamba Kinara inajifanya mama wakati ni mama wa kambo. Hapo mama wa kambo wote wa mji wakaandamana kwa utulivu mpaka kwenye mlango wa kijani, wakakabidhi barua, na barua ikapelekwa kwa mkurugenzi, ambaye aliipokea akiwa amevaa tai nyekundu, akailazimisha ingoje mpaka abadilishe.

Jumapili ya Mzee ilipofika, aliingia nyumbani kwa mama yake na hakumwamkia kwanza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alibaki amesimama.

“Mama, Pilipili amekuuza,” alisema. “Yale maneno ya sweta na kifua ni ya kwetu. Hakuna nyumba nyingine yanakosemwa hivyo. Ameyabeba akawapelekea wale watu wake wa kijani.”

Sindano akamwambia akae ale. Mzee akakaa, akala.

Jumapili iliyofuata alikuja Pilipili. Alimwamkia mama yake vizuri, akamsaidia kukata vitunguu, na alipofika kitunguu cha tatu akalia. Alisema ni vitunguu. Kisha akasema sio vitunguu. Alisema kwamba siku moja dukani, akiwa mbele ya wateja, aliwasha Zumaridi mpya na ikamwambia NYWELE HIZO UMEZICHANA SAA NGAPI, na kwamba alijikuta anashika kichwa mbele za watu kama mtoto wa miaka sita. Alikuwa na hakika kwamba kaka yake ndiye aliyeuza maneno ya mama yao kwa Kinara, na Zumaridi wakayachukua hukohuko sokoni.

“Mtu anayeweza kumfanyia mama yake tangazo,” alisema, “huyo mimi sina udugu naye.”

Sindano aliendelea kukoroga chungu. Sasa alikuwa amejua maneno yake yalikokwenda. Hakushangaa, ila aliona haya kidogo, kama mtu aliyesikia kwamba nguo zake za ndani zimeanikwa upande wa barabarani.

Kila mtoto alimwachia tiketi. Kampuni mbili zilikuwa zimekubaliana kufanya pambano la hadhara, Jumamosi saa tisa alasiri, katika ukumbi wa michezo, mbele ya kamera za televisheni. Kompyuta mbili zingewekwa jukwaani, kila moja ikiwa na skrini kubwa juu yake, na waamuzi watatu wangeziuliza maswali. Ambayo ingeonekana kuwa halisi ingebaki. Ambayo ingeonekana kuwa ya kuiga ingeondoa mabango yake yote mjini. Mkurugenzi alilipanga pambano hilo peke yake, akihama kutoka ofisi moja kwenda nyingine ili kujijibu.

Siku moja kabla ya pambano, wakati wa chai, Sindano aliwaambia wanawake wa mstari wa tatu kwamba angependa kwenda ukumbini na asingependa kukaa kimya. Aliwaambia pia kwamba hawezi kuwachukulia riziki zao mkononi bila kuwauliza. Kila mmoja alifikiria watu anaowalisha. Mwishowe wifi yake alinyoosha miguu yake mibovu, akaitazama.

“Wifi,” alisema, “kile kiapo tulikula kwa mdomo na kalamu. Mimi nakumbuka vizuri kabisa, karatasi haikutaja mikono.”

Wanawake wakatazamana. Mmoja aliuliza saa ya pambano. Mwingine akasema ana mkate wa kubeba. Kengele ikalia, wakafunga vifungo vya makoti mekundu na kurudi kazini, na mchana huo kompyuta zilizotoka mstari wa tatu zilikuwa na joto kuliko kawaida.

Jumamosi ukumbi ulijaa tangu saa nane. Kamba nene ilipita katikati kutoka jukwaani mpaka mlangoni, kijani upande huu, nyekundu upande ule. Sindano alimpa mwongoza wageni tiketi zake mbili. Kijana wa watu alizigeuzageuza, akaangalia kamba, akamwangalia mama, akamwomba samahani na kumwonyesha nafasi palepale kwenye kamba, mguu mmoja huku na mguu mwingine kule. Wifi yake na wale wengine kumi, ambao hawakuwa na tiketi za aina yoyote, walipita kwa mlango wa wahudumu wakiwa na vikapu, na hakuna aliyewauliza, kwa kuwa wanawake wenye vikapu hawaulizwi.

Pilipili alikuwa jukwaani, amesimama kando ya Zumaridi kwa koti la hariri ya kijani. Mzee alikuwa jukwaani pia, kando ya Kinara, ameshika karatasi ya maneno makali aliyoyaandika kwa ajili ya siku hiyo. Kati yao palikuwa na hatua tano. Hawakutazamana.

Waamuzi walikuwa mwalimu mkuu wa shule, muuguzi wa wodi ya watoto na refa wa mpira. Refa akapuliza filimbi, kompyuta zikawashwa. Skrini mbili zikabaki nyeusi kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyozoeleka. Mwalimu mkuu akauliza swali la kwanza: ninyi wawili, nani kati yenu ni wa kweli?

Zumaridi ikaandika: MZEE NA PILIPILI

Ikaishia hapo. Kinara ikaendelea: MNANITIA AIBU MBELE ZA WATU.

Watu wa kijani walidhani ni swali, watu wekundu walidhani ni tangazo. Refa akaandika kitu kwenye kadi yake. Jukwaani wale wawili walikuwa wamesimama wima kama watu walioitwa na mwalimu. Hakuna aliyekuwa akiwaita kwa majina yale isipokuwa nyumbani.

Muuguzi, ambaye alikuwa mtu wa kuuliza mambo moja kwa moja, akaziuliza kompyuta zimetengenezwa na nani.

Skrini zote mbili zikaandika kwa pamoja, herufi kwa herufi: ANAKUJA.

Sindano alikuwa ameshaanza kutembea. Alitembea juu ya kamba, akaiona inalala sakafuni kila alipoikanyaga. Alipanda ngazi za jukwaa, akawapita wanawe bila kusema neno, akatoa bisibisi kwenye mfuko wa gauni. Aliigeuza Zumaridi kifudifudi na kuifungua parafujo sita. Aliigeuza Kinara na kuifungua parafujo sita. Ilimchukua muda mfupi kuliko mtu anavyomenya chungwa. Akazitoa mbao mbili za saketi, moja mkono huu na nyingine mkono ule, akaziinua juu ya kichwa.

Mpiga picha wa televisheni akasogea karibu, na ukumbi mzima ukaona kwenye skrini. Mbao zilikuwa sawasawa. Pembeni mwa kila mmoja kulikuwa na kitone cha lehemu chenye umbo la punje ya mchele.

Kisha akazibadilisha. Wa kijani akautia ndani ya nyekundu, wa nyekundu akautia ndani ya kijani, akafunga parafujo zote kumi na mbili, akaziwasha. Hata mkurugenzi, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele bila tai yoyote kwa tahadhari, aliinama mbele ili aone vizuri.

Kinara ikaandika: KITI NI KILEKILE.

Zumaridi ikaandika: ASUBUHI KIJANI, MCHANA NYEKUNDU. TUKO KUMI NA WAWILI.

Nyuma ya ukumbi wanawake kumi na mmoja wakasimama na vikapu vyao. Wifi ndiye aliyekuwa wa mwisho kusimama, kwa sababu ya magoti, na kwa kuwa alikuwa wa mwisho watu wote walimwona. Wanawake hawakusema kitu. Waliinua mikono yao tu, na vidole vyote kumi vya kila mmoja vilikuwa na madoa madogo ya kuungua.

Muuguzi ndiye aliyeanza kupiga makofi. Akafuata refa, ambaye kwa sheria za kazi yake hakutakiwa. Kisha yakaja ya ukumbi mzima, kijani na nyekundu, mpaka taa za juu zikaanza kutikisika. Yule kinyozi asiyenyoa vichwa vya Kinara alijikuta amemshika begani mtu mwekundu kabisa. Makofi yalidumu muda wa wimbo mzima. Sindano alisimama katikati na bisibisi yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne hakuinama. Alikuwa mrefu kuliko alivyokumbuka.

Pilipili ndiye aliyecheka kwanza. Kicheko kilimtoka puani, akajaribu kukizuia kwa mkono, kikampita. Mzee akaitazama karatasi yake ya maneno makali, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni.

“Kwa hiyo kopo,” Pilipili alimwambia, akifuta macho, “ni kopo letu sote.”

“Na yai tunakaanga wote,” alisema Mzee.

Hatua tano walizipunguza, kila mmoja mbili na nusu. Skrini zote mbili ziliwaambia KAENI CHINI MLE, na kwa kuwa kwenye vikapu kulikuwa na mkate, walikaa kwenye ukingo wa jukwaa, mama yao katikati, wakala mbele ya ukumbi mzima na televisheni. Wanawake wa mstari wa tatu walipita katika viti wakigawa uliobaki. Ulitosha. Kila aliyenyoosha mkono alipata kipande, na vikapu vilipohesabiwa baadaye vilikuwa na mkate uleule vilioingia nao. Wifi alisema ndivyo mkate ule ulivyo, unga wake ni mzuri. Watu walimbeba Sindano mabegani kutoka jukwaani hadi barabarani, na mtaani madereva walizima injini ili apite.

Jumatatu mkurugenzi alimwita. Karatasi ya kiapo ilikuwa mezani kwake na alikuwa ameisoma mara kadhaa. Alimweleza Sindano kwa heshima kwamba kwa mdomo hakutamka neno, hilo limethibitishwa na kanda ya televisheni. Kwa maandishi hakuandika. Maandishi yalikuwa ya kompyuta, na kompyuta ni mali ya kampuni, kwa hiyo kampuni imejitaja yenyewe na haiwezi kujifukuza. Alimwambia pia kwamba tangu Jumamosi foleni zilikuwa zimezunguka maduka ya rangi zote mbili. Kisha akachukua kalamu, na mahali palipoandikwa “kwa mdomo wala kwa maandishi” akaongeza “wala kwa mikono”. Wanawake wa mstari wa tatu waliitwa mmoja mmoja kutia saini upya. Wakatia. Saa sita na nusu kengele ilipolia, walivua ya kijani na kuvaa mekundu.

Baada ya wiki mbili mabango mapya yakapanda. Upande wa posta alikuwa Sindano kwa koti la kijani, anatabasamu: ZUMARIDI. MAMA HALISI. Upande wa hospitali alikuwa Sindano kwa koti jekundu, anatabasamu vilevile: KINARA. MAMA NI MMOJA. Maneno yote mawili aliyaandika Mzee, aliyekuwa amepandishwa cheo na kuambiwa aandike ya pande zote, ili matusi yawe na uzito sawa. Alikuwa ameikubali kazi hiyo baada ya kumuuliza mama yake, na mama yake alimwambia kwamba ikiwa ni lazima watu watukanwe, basi watukanwe kwa Kiswahili kizuri.

Pilipili alibaki dukani. Kila mteja aliyemuuliza ipi ni bora alimwambia ukweli, kwamba ni ileile. Jumapili moja, wakati wa chakula, aliwahadithia mama na kaka yake juu ya mama mmoja mtu mzima, mpole, aliyemsikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa kukubali.

“Akaniambia, ‘Najua, mwanangu, nilikuwepo ukumbini, nilikula na mkate wenu. Lakini sisi nyumbani ni watu wa kijani.’ Nikamfungia ya kijani.”

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Sindano akampiga mgongoni. Chini barabarani palikuwa na kelele, akaenda dirishani kuangalia. Watu wapatao ishirini walikuwa wamesimama, nusu huku na nusu kule, wakibishana juu ya mabango, kila upande ukisema yule wa upande wa pili si yeye, ni mtu aliyefananishwa. Mmoja aliinua macho, akamwona. Wote wakanyamaza, wakamwamkia kwa adabu, shikamoo mama, shikamoo mama, kijani na nyekundu. Akawaitikia. Akawauliza kama wamekula. Wachache walikiri kwamba bado, akawaambia waende wakale. Walioambiwa wakaenda. Waliobaki wakaendelea na ubishi wao palepale walipoachia.

Sindano akafunga dirisha. Aliporudi mezani, watoto wake wawili walikuwa wakigombania nani aoshe vyombo, sauti juu, vidole usoni, kama walivyokuwa wakifanya walipokuwa wadogo. Akavuta kiti chake katikati yao, akajimiminia chai, akawaacha wagombane mpaka chai ikaisha.